Barua ya wazi: Fungueni maabara, na mlangoni andikeni majina yao

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia. Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI. Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Dodoma. Wakurugenzi wetu wa Jiji, Chamwino, Bahi, Kongwa, Mpwapwa, Kondoa na Chemba. Pamoja na maofisa elimu na wakuu wa shule za sekondari.

Yah: Wanawake wa sayansi tunaowasherehekea, na mabinti tunaowafungia mlango

Waheshimiwa, mbukwenyi.

Ninayewaandikia ni fundi sanifu maabara mstaafu. Kwa miaka 31, katika shule za mkoa huu, nimeosha bureti, ile mirija ya kioo yenye koki ya kudondosha na kupima kimiminika tone kwa tone, nimepima asidi, na nimewafuta machozi watoto waliomwaga myeyusho dakika tano kabla ya mtihani kwisha. Sasa nakaa Ipagala, nina tuta langu la mchicha na wajukuu wananizunguka. Sikuwa na mpango wa kuwaandikia wakubwa. Kilichonikalisha mezani ni jibu la binti mmoja wa kidato cha nne.

Ilikuwa Februari 11 iliyopita. Hiyo ndiyo Siku ya Kimataifa ya Wanawake na Wasichana katika Sayansi, iliyotengwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015. Nilialikwa kwenye shule moja ya kata. Turubai lilifungwa kati ya madarasa mawili, spika zilianza tangu saa mbili asubuhi, fulana zilichapishwa. Mabinti walisoma risala, wakaimba, kisha wakatoa ngonjera juu ya Marie Curie, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 1903 na ya kemia mwaka 1911. Aliyeshika nafasi ya Curie alivaa koti jeupe la kuazima, limemfika karibu na visigino, mikono ameikunja mara tatu. Alisema maneno yake yote bila kukosea hata moja. Nilimpenda yule mtoto. Soda zilipokwisha nikamwita pembeni, nikamuuliza: “Mjukuu wangu, bureti umewahi kuishika?”

Akatazama chini. “Tumeichora, bibi.”

Waheshimiwa, maabara ilikuwa nyuma ya turubai lile lile, hatua 20 hivi. Ilikuwa na kufuli. Niliomba nioneshwe ndani; ufunguo ukatafutwa kwa mwalimu wa kwanza, wa pili, ukapatikana kwa mtunza stoo. Mlango ulipofunguliwa, ilitoka harufu ya mahindi. Magunia yalipangwa hadi usawa wa dirisha, mengine yamelala juu ya masinki ambayo mabomba yake hayajawahi kutoa maji. Kwenye kona palikuwa na boksi. Nikalifungua. Bureti zilikuwa ndani, nzima, kila moja kwenye mfuko wake, koki zake bado zimefungwa karatasi ya kiwandani. Nilishika moja nikaipangusa vumbi kwa kanga, nikairudisha. Sikujua niseme nini.

Simlaumu mkuu wa shule ile, na shule yenyewe sitaitaja. Mahindi yale ni chakula cha mchana cha watoto, na stoo hana. Mwalimu wa kemia ni mmoja kwa vidato vyote vinne. Fundi maabara hajawahi kupangiwa. Lakini chumba kile kina historia, na wengi wenu mnaikumbuka: Rais Kikwete alipoagiza kila shule ya sekondari ya kata iwe na maabara tatu, ya fizikia, ya kemia na ya baiolojia, mwaka 2014 tulichangishwa nyumba kwa nyumba. Kuna wazee waliouza kuku. Kuna akina mama waliotoa debe la mtama lililokuwa la mbegu. Hawakuchangia ghala.

Ninachotaka kusema ni hiki. Tunawaimba wanawake hawa kana kwamba waliishi sayari nyingine, halafu tunarudi nyumbani kutumia kazi ya mikono yao bila kuwajua. Naomba mnivumilie niwataje, kwa sababu baadhi yao wako karibu nasi kuliko tunavyodhani.

Nianze na dawa ya mseto. Hakuna mzazi wa Dodoma ambaye hajampa mtoto wake vidonge vile. Vilianza kutumika nchini mwaka 2006, dawa ya SP ilipokuwa imeshindwa na vimelea vya malaria. Kiini cha mseto ni dawa ya artemisinini, iliyotoka kwenye mmea tunaouita pakanga. Aliyeongoza kazi ya kuitoa ni mama wa Kichina anayeitwa Tu Youyou. Hakuwa na shahada ya uzamivu, na hakuwa amesoma nje ya nchi yake. Mwaka 1969 alipewa kazi hiyo na serikali yake. Akawaacha binti zake wawili, mmoja shule ya watoto wadogo na mwingine kwa babu na bibi, akaenda kisiwa cha Hainan kuwatazama wagonjwa wa malaria.

Wenzake walikuwa wakichemsha mimea, na dawa haikufanya kazi. Yeye akarudi kwenye kitabu cha tiba chenye umri wa miaka zaidi ya 1,600, akasoma kwamba pakanga huloweshwa kwenye maji kisha hukamuliwa, maji yale yakanywewa. Hakuna moto hapo. Akajiuliza: je, kama moto ndio unaoua dawa? Akatumia etha, kimiminika ambacho huchemka kwenye nyuzi 35 tu, kukamua dawa bila kuiunguza. Oktoba 1971, sampuli namba 191 iliua vimelea vyote vya malaria kwenye panya. Kabla ya kumpa mgonjwa yeyote, alikunywa yeye mwenyewe pamoja na wenzake ili kuona kama ina sumu. Kwa miaka mingi jina lake halikujulikana, kwa kuwa matokeo yalichapishwa bila majina ya watafiti. Nobeli ilimfikia mwaka 2015, akiwa na miaka 84.

Nimewahi kuwaeleza wanafunzi habari hii tukiwa tumesimama mbele ya meza, na chupa ya etha ikiwa mbele yetu, na niliona nyuso zao. Mtoto anayeijua etha kwa harufu yake anaelewa mara moja akili aliyokuwa nayo yule mama. Aliyeichora ataelewa nini?

Twendeni Kongwa. Wakazi wa huko hawahitaji kuelezwa trakoma ni nini: macho mekundu ya watoto, nzi, kisha miaka mingi baadaye kope zinageukia ndani zinakwaruza jicho mpaka linakuwa jeupe. Wanawake ndio huugua zaidi, kwa kuwa wao ndio hushinda na watoto. Katika vijiji vya Kongwa mtafiti mwanamke kutoka Marekani, Sheila West, alifanya kazi na wenzake kwa miaka mingi. Wakauliza swali ambalo bibi yeyote angeweza kuliuliza: je, kumnawisha mtoto uso kunasaidia? Kongwa maji ni ya kutafutwa. Akina mama walidhani kunawisha uso kunataka maji mengi, wakaoneshwa kwamba kidogo tu kinatosha nyuso nyingi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995, na yakaonesha kwamba mtoto ambaye uso wake unabaki safi hapati trakoma kali kama mwenzake. Leo kunawa uso ni mojawapo ya nguzo nne za mapambano dhidi ya trakoma duniani kote. Mojawapo ya ushahidi wake mkubwa ulitoka kwetu hapa, kwenye vijiji vya Wagogo na Wakaguru, kwa makopo ya maji ya akina mama wa Kongwa. Nani ameandika hilo popote watoto wa Kongwa wanapoweza kulisoma?

Na yuko wa kwetu kabisa. Dk. Mwele Ntuli Malecela, binti wa Mzee John Malecela, damu ya Dodoma. Alisoma zoolojia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaendelea hadi shahada ya uzamivu London, akayapa maisha yake magonjwa ambayo watu huyaonea aibu: matende na mabusha. Magonjwa haya hayaui haraka, kwa hiyo hayana mtetezi. Mtu anaishi nayo akijificha ndani, anakosa msikiti au kanisa, anakosa harusi za watoto wake. Mwele aliwafuata huko huko. Akawa mwanamke wa kwanza kuiongoza Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Mwaka 2018 akachukua uongozi wa idara ya magonjwa yasiyopewa kipaumbele ya Shirika la Afya Duniani huko Geneva, na trakoma ya Kongwa ikiwemo ndani ya orodha yake. Alifariki Februari 10, 2022. Kesho yake dunia iliadhimisha siku ya wanawake katika sayansi. Kila mwaka siku hiyo ikifika, namkumbuka kwanza yeye.

Nina wengine. Mvua zinapokaribia, mkulima wa Chamwino anasikiliza redio ajue apande uwele au mtama, na lini. Kwa miaka mingi Mamlaka ya Hali ya Hewa iliongozwa na Dk. Agnes Kijazi, ambaye mwaka 2019 alichaguliwa kuwa Makamu wa Tatu wa Rais wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Profesa Esther Mwaikambo, daktari bingwa wa watoto, ni miongoni mwa walioanzisha chama cha madaktari wanawake, MEWATA, mwaka 1987. Ng'ambo ya mpaka, Wangari Maathai alipata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1971, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Afrika Mashariki na Kati, kwa kuchunguza viungo vya wanyama. Miti na Nobeli ya amani vilikuja baadaye.

Na Kondoa. Mwaka 1951 Mary Leakey alikaa miezi kwenye miamba ya Kolo akinakili michoro ya kale mstari kwa mstari: twiga, pofu, watu wembamba wenye nywele za ajabu. Huyu hakuwa na shahada hata moja, shuleni alifukuzwa. Lakini alikuwa na jicho na mkono wa kuchora. Ndiye yule yule aliyeliona fuvu la Zinjanthropus kule Olduvai Julai 17, 1959, asubuhi ambayo mumewe alikuwa amelala kambini na homa. Michoro ya Kondoa iliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Basi za watalii zinapita pale. Watoto wa sekondari za jirani wengi hawajui kwamba mmoja wa watu wa mwanzo kuihesabu na kuinakili kwa uangalifu namna ile alikuwa mwanamke aliyepiga magoti mavumbini na karatasi ya kunakilia.

Kuna mmoja ambaye simsahau kwa sababu ya choo. Lise Meitner alifika Berlin mwaka 1907, tayari ana shahada ya uzamivu ya fizikia. Taasisi ya kemia aliyokwenda ilikuwa haipokei wanawake. Wakamruhusu afanye kazi chini, kwenye chumba kilichokuwa karakana ya seremala, aingie kwa mlango wake wa nje, na asipande juu kwenye maabara za wanaume. Choo cha wanawake hakikuwepo. Alitoka nje kwenda kuomba mtaani. Huyu ndiye ambaye mwishoni mwa mwaka 1938, akiwa mkimbizi Sweden, alikaa na mpwa wake Otto Frisch wakaeleza kwa hesabu jinsi kiini cha atomu ya urani kinavyopasuka vipande viwili. Nobeli ya kemia ya mwaka 1944 alipewa mwenzake Otto Hahn peke yake. Elementi namba 109 sasa inaitwa meitneri, na nimeibandika ukutani mara nyingi kwenye jedwali la elementi. Waheshimiwa, mkiingia kwenye shule zetu tazameni pia vyoo vya mabinti, mtazame kama pana maji na mlango unaofungika. Siku nne kila mwezi binti anabaki nyumbani, na praktiko haimsubiri.

Najua Serikali imefanya mengi, na mimi si mtu wa kunyima shukrani. Shule 26 za sayansi za wasichana, moja kila mkoa, ni kazi kubwa. Ufadhili wa masomo unaobeba jina la Rais Samia umewapeleka vyuoni wanasayansi wadogo ambao wazazi wao wasingeweza. Shule ya wasichana ya Msalato imetoa mabinti wa kujivunia tangu mimi ni kijana. Lakini huko kote anafika aliyefaulu tayari. Binti wa shule ya kata ya Bahi au Chemba, anayetembea saa moja na nusu akiwa na kidumu mkononi, atafauluje kemia ambayo hajaigusa?

Niwaeleze kinachotokea mtoto anapoigusa. Zamani kidogo nilikuwa na binti mmoja, mtoto wa mfugaji, mikono yake migumu kwa jembe na kuchunga. Darasani hakuwa anasema. Siku ya kwanza ya kupima asidi na besi alishika koki ya bureti kama mtu anayeshika yai. Nilimwambia afungue kidogo, atikise chupa kwa mkono mwingine. Tone, tone, tone. Kila tone linaingia na rangi ya waridi, linazunguka, linapotea. Wenzake walikuwa wamekwisha kuzidisha, chupa zao nyekundu kama juisi. Yeye alikuwa anapunguza, anangoja, anapunguza. Kisha tone moja likaingia na rangi ikabaki, hafifu, waridi ya mbali kabisa. Hakupiga kelele. Alinivuta aproni, akasema, “Mama, imekataa kuondoka.” Alisoma 24.6. Nilirudia kipimo mwenyewe baada ya kipindi, nikapata 24.6.

Leo ni mtaalamu wa maabara katika hospitali ya wilaya moja mkoani humu. Akitazama damu kwenye hadubini akaona vimelea, mgonjwa anaandikiwa mseto.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni la mahindi. Jengeni stoo. Nasema hivi kwa moyo wote: kwenye shule nyingi za mkoa huu njia rahisi kuliko zote ya kupata maabara ni kujenga chumba cha kuwekea chakula, cha tofali za kuchoma na bati. Maabara yenyewe ipo, tulishaijenga. Hamisheni magunia, ingizeni maji hata kwa tangi na ndoo yenye bomba, na zile bureti zilizofungwa zifunguliwe.

La pili ni watu. Ajirini mafundi sanifu maabara, maana mwalimu mwenye vipindi 30 kwa wiki hawezi kuandaa myeyusho wa madarasa manne na kuosha vyombo. Nao wakichelewa kuja, tupo sisi wastaafu. Katika mtaa wangu peke yake nawajua wawili. Tuiteni.

Halafu yale majina. Kila mlango wa maabara ya mkoa huu uwekwe kibao, kwa Kiswahili, kwa herufi ambazo mtoto akisimama foleni anazisoma: nani, alizaliwa lini, alifanya nini. Watoto wetu wanasoma sayansi kwa Kiingereza na wengi wanabeba mzigo mara mbili. Kibao hiki kiwe kwa lugha wanayoiota. Kongwa waandike habari ya uso na maji. Kondoa waandike ya Kolo. Maabara ya baiolojia hapa mjini iitwe ya Mwele Malecela, na ile ya kemia iitwe ya Tu Youyou, chini pachorwe jani la pakanga. Mkurugenzi wa Jiji, mji unakua kuelekea Mtumba, Iyumbu na Nala, na kila mwezi kuna barabara mpya. Tulipofanya kazi ya anwani za makazi mwaka 2022 majina ya wanaume yalipatikana haraka sana. Kwa barabara zijazo nawaomba muwe na orodha hii mezani.

Na Februari 11 ijayo, msikodi turubai. Mgeni rasmi aingie maabara, avae koti, asimame pembeni ya meza mtoto akifanya kipimo mpaka mwisho, kisha aombe daftari la matumizi ya maabara na alisome: lini ilifunguliwa mara ya mwisho, na kwa kidato gani. Ngonjera zipigwe baadaye. Nazipenda, zisiondolewe.

Mimi nina Jumanne na Alhamisi. Aproni yangu ninayo bado, na nauli ya daladala nitajilipia. Naomba nianze na shule ile ile, kama mkuu wa shule ataniruhusu na kama kuna mmoja wenu atakayesaidia kupata mahali pa kuweka yale magunia. Nitahitaji wiki moja ya kusafisha na kuhesabu vifaa, na ya pili ya kuandaa myeyusho.

Yule binti wa koti refu ana mtihani wake wa kemia kwa vitendo Novemba hii.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi sanifu maabara mstaafu,
Ipagala, Dodoma.